Habari za Nyumbani Hazikuulizwa

Sitaki tena kusikia habari za viwanja vya ndege. Mtu akianza kueleza mbele yangu kwamba viatu vya kusafiria ni vile visivyo na kamba, kwa sababu utavivua kwenye ukaguzi, nainuka na kwenda kuosha vyombo, hata kama vyombo ni visafi. Walimu wenzangu wanasema nimeingiwa na hasira za uzee. Nina miaka hamsini na miwili, na hasira yangu haihusiani na uzee. Inahusiana na jicho la kushoto la mama yangu.

Nyumbani kwetu ni Izigo, katika kibanja alichokiacha baba, migomba mbele na mibuni katikati yake. Pale mgeni ana utaratibu wake. Akishaketi anapewa akamwani, yaani kahawa ya kutafuna, katika kikapu kidogo cha ukindu. Anachukua punje mbili tatu, anatafuna, kisha anatoa habari za alikotoka: njia, mvua, wagonjwa, waliokufa, waliozaliwa. Mwenye nyumba kazi yake ni kusikiliza na kuitikia. Hamkatizi. Mgeni akimaliza, yeye ndiye anayegeuka na kuuliza, "Amakuru g'omuka?" Habari za hapa nyumbani? Hapo ndipo mwenye nyumba anapofungua kinywa na kusema yake. Sijui kama kila nyumba ya Wahaya bado inafuata hivyo. Mama anafuata. Tangu nimjue hajawahi kutanguliza habari zake mbele ya za mgeni, na kwake watoto waliotoka mbali ni wageni hadi watakapomaliza kusema. Kutanguliza, kwa maoni yake, ni sawa na mpishi kujipakulia kabla watu hawajanawa.

Watu wa mikoa mingine wanatucheka kwamba tunapenda kujisifu. Wanatuita nshomile, mtu aliyesoma akahakikisha kila mtu anajua kwamba amesoma. Miaka yote nimetutetea. Niliwaambia wenzangu kule chuoni kwamba ni wivu tu. Siku hizi sitetei.

Krismasi ya mwaka juzi tulikutana Izigo. Mimi naishi Bukoba mjini, chini ya saa moja kwa gari, na hilo nitalirudia kwa sababu linanichoma. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, alitoka Dar es Salaam na wifi yangu. Walikuwa wamerudi hivi karibuni kutoka mapumzikoni Istanbul. Na mimi mwaka huohuo nilikuwa nimekwenda Dubai siku saba, na wenzangu wanne wa kikundi chetu cha wanawake. Hivyo sebuleni kwa mama, siku ya pili ya Krismasi baada ya chakula, walikaa watu watatu wenye safari na mtu mmoja asiye na safari.

Mtu huyo mmoja alikuwa na habari. Kwa miezi kadhaa jicho lake la kushoto lilikuwa likififia taratibu, likaanza kuliwa pembeni, mwisho likabaki na mwanga tu wa kumwambia kama ni mchana. Hakumwambia mtu kwa simu, kwa sababu kwa mama simu ni ya salamu na misiba. Habari ya mwili wa mtu husemwa ana kwa ana, watoto wakiwa wamekaa. Alikuwa ametungoja tangu mwezi wa kumi. Haya niliyajua baadaye, lakini nayasema sasa, ili wewe unayesoma usikae pale sebuleni ukacheka kama tulivyocheka sisi.

Alianza kaka. Kaka yangu akisimulia safari hasimulii, anafundisha. Nguo za safari hazikunjwi, zinaviringishwa kama mkeka. Chupa ya maji ibebe tupu, ukishapita ukaguzi ndipo uijaze. Dereva wa teksi akikwambia hoteli yako imefungwa, mwongo huyo, kaa kimya, mwonyeshe anwani. Muuza mazulia akikukaribisha chai, usinywe, maana ukishakunywa umeshanunua. Kila agizo alilitoa akimtazama mama usoni, mama ambaye safari yake ndefu ya mwaka ule ilikuwa kwenda Muleba mjini kuhakiki jina lake kwenye orodha ya wakulima wa kahawa.

"Umesikia, Mama? Chai yao usinywe."

"Nimesikia, mwanangu," alisema mama. "Sitakunywa."

Tukacheka. Alijibu kwa uzito, kama mtu aliyekabidhiwa kazi.

Kisha simu ya kaka ikazungushwa, ina picha. Msikiti mkubwa, paka amelala juu ya duka, wifi ameshika kikombe kidogo cha kioo. Ilipomfikia mama aliishika, akaipeleka upande wa kulia wa uso wake, akainamisha kichwa kama kuku anayemchungulia mwewe. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni kuzuri sana," akasema.

"Mama, imezima!" kaka akapiga ukelele, na kweli kioo kilikuwa cheusi tii. Tulicheka mpaka wifi akakohoa. Mama naye akatabasamu, akairudisha simu kwa mikono miwili.

Mimi ni mwalimu. Kazi yangu kwa miaka ishirini na sita ni kutazama watoto arobaini na kujua yupi haoni ubao. Mtoto anayeinamisha kichwa namna ile ningempeleka dawati la mbele na kumwita mzazi wake kesho yake. Huyu alikuwa mama yangu, nami nikacheka.

Si hilo tu. Alipopitisha tena kikapu cha akamwani, wifi alikuwa ameketi kushotoni kwake. Kikapu kikapita goti la wifi, kikasimama hewani mahali pasipo na mtu. Wifi akanyoosha mkono akakifuata. Kaka alikuwa amefika kwenye kivuko cha kuvuka kutoka upande wa Ulaya kwenda upande wa Asia, na hilo alilirudia mara mbili ili tusilipoteze: asubuhi mabara mawili kabla ya kifungua kinywa.

Wifi alipopewa nafasi akaingia kwenye mambo ya mwili. Ndegeni miguu inavimba, vaa soksi za kubana. Midomo inakauka, beba mafuta. "Na macho," akasema, "macho yanakauka vibaya sana. Mimi siwezi kusafiri bila dawa yangu ya matone." Akafungua mkoba akatoa kichupa kidogo cheupe, akakiinua tukione.

Mama alisogea mbele kwenye kiti. Nalikumbuka tendo hilo vizuri, maana muda wote alikuwa ameegemea nyuma.

"Hayo matone, mwanangu," akauliza, "yanafanya nini kwenye jicho?"

Lilikuwa swali lake la kwanza siku nzima. Alikuwa amefika mlangoni pa habari yake, amebisha hodi kwa adabu yake yote. Na wifi, ambaye si mtu mbaya, ambaye kila mwaka humletea mama kitenge na sukari ya kutosha, alitabasamu akarudisha kichupa mkobani.

"Haya ni ya ukavu wa ndegeni, Mama. Wewe huyahitaji, huna safari."

Mama akaegemea tena nyuma.

Nimejaribu kumchukia wifi kwa maneno yale. Nilijaribu kwa mwaka mzima, na ingekuwa nafuu kubwa. Nashindwa kwa sababu najua kilichofuata. Wifi alikuwa amemaliza kusema. Ukimya uliingia pale sebuleni, ukimya ule hasa ambao mtu aliyelelewa katika nyumba ile anaujua ni wa nini. Kaka alilelewa humo. Mimi nililelewa humo. Ilikuwa nafasi ya mmoja wetu kumgeukia mama na kumuuliza habari za nyumbani. Mama aliweka mikono mapajani, akainua uso.

Nami nikasema, "Hiyo Istanbul ni nzuri, lakini ngoja niwaambie Dubai."

Istanbul yao ilikuwa imenikera, ndiyo sababu. Paka, vikombe vya kioo, mabara mawili. Mimi mwalimu wa sekondari nimejibana miaka mitatu nikapata siku zangu saba, nisizisimulie? Nikasimulia. Nilieleza lile ghorofa refu kuliko yote, lifti inayopanda mpaka masikio yanaziba, umeze mate ndiyo yazibuke. Nikawaambia kule juu umesimama kwenye kioo unaiona dunia yote, jangwa upande huu, bahari upande ule, magari chini kama siafu. Nikawaambia wasiende mchana, waende saa za magharibi, jua linapozama, maana hapo ndipo kila kitu kinaonekana. Niliongea karibu saa nzima. Nilimwona kaka anaanza kusinyaa, nikaongeza maduka yenye theluji ndani.

Nilipofika mwisho kaka alitazama saa akasema lazima waondoke, wanishushe mimi Bukoba, kisha wafike Rubafu kwa wazazi wa wifi kabla ya giza na mvua inakuja. Tukasimama wote. Mama alitusindikiza hadi uani, amejishika kwenye ukuta, na tulipokuwa tunapanda gari aliuliza.

"Habari zenu mmezimaliza?"

"Tumemaliza, Mama!" nikajibu mimi kupitia dirishani. "Nyingine tutakuletea Pasaka."

Alikuwa amevunja utaratibu wake mwenyewe. Mwenye nyumba haulizi hivyo. Alikuwa anatukumbusha zamu yake, watu wazima watatu tuliosoma, na mimi nikamwahidi habari nyingine zetu. Alipunga mkono. Sasa najua alikuwa akiipungia sauti ya gari zaidi kuliko gari lenyewe.

Januari, Februari, sikwenda. Shule ilifunguliwa, nilikuwa na kidato cha nne. Chini ya saa moja kwa gari. Nilimpigia kila Jumapili baada ya ibada, ananijibu kwamba hajambo, kuku wapo, mvua ipo. Simu ni ya salamu na misiba.

Mwezi wa tatu alinipigia jirani yake, mama mmoja anayelima kibanja kinachopakana na chetu. Mama alikwenda kukata mkungu, akagonga uso kwenye mti ulioegemezwa kuzuia mgomba usianguke. Mti aliouweka mwenyewe. "Jeraha si kubwa," jirani akasema, "lakini mwalimu, mama yako haoni. Sisi tunajua tangu mavuno ya kahawa. Tulidhani ninyi mmeshaambiwa Krismasi."

Majirani walijua. Mwanamke muuza mafuta ya taa alijua. Mzee wa kanisa alijua, alikuwa amemhamishia mama benchi la mbele ili asikie vizuri asichokiona. Sisi tuliokaa naye siku mbili, tukala senene wake, panzi wale wa kukaanga, aliokuwa amewachambua kwa kupapasa, hatukujua.

Nilimchukua siku hiyohiyo nikampeleka Bukoba kwenye kliniki ya macho. Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, mpole, akamwita "bibi" na kumshika mkono. Alimpima muda mrefu. Akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na uwazi mdogo wa katikati, na huo unaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote.

Matone. Nilimtazama mama. Alikuwa ametulia.

"Lile la kushoto haliwezi kurudi?" niliuliza.

"Kinachopotea kwa ugonjwa huu hakirudi, mwalimu. Tunalinda kilichobaki. Ndiyo maana tunaomba watu wawahi." Akamgeukia mama. "Bibi, uliona linaanza lini?"

"Kabla ya Krismasi lilikuwa bado na mwanga kidogo," mama akasema. "Nilikuwa nangoja watoto waje niwaambie."

"Walikuja?"

"Walikuja wote."

"Ukawaambia?"

Mama akafikiri. Nilitamani aseme lolote, aseme sisi ni mbwa.

"Walikuwa na habari nyingi za safari, daktari," akasema. "Hazikwisha."

Hakulisema kwa kunisuta. Ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angenisuta ningejitetea, nami najua kujitetea. Alimweleza daktari jambo lilivyokuwa, kama mtu anayesema daraja lilijaa maji ndiyo maana hatukuvuka. Daktari akaandika karatasi yake bila kuniangalia.

Jioni niliweka habari kwenye kundi la familia la WhatsApp. Sikuficha kitu, nikaandika hata maneno ya mama kwa daktari. Kaka alipiga simu analia, na hapo nilimpenda. Asubuhi yake akarudi kuwa kaka. Akaandika kwamba mama apelekwe India, yeye ameshapita India, anaijua. Tusipande ndege ya usiku, inachosha. Tubebe biskuti, chakula chao kina pilipili. Karibu na hospitali kuna hoteli nzuri yenye kifungua kinywa. Na mwisho, nanukuu kama alivyoandika: "Mama mchukulieni kiti cha dirishani, atafurahi kuona mawingu."

Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama ofisini kwa walimu. Nilijibu kwa maneno ambayo mwalimu anayekwenda kanisani hapaswi kuyajua, kisha nikatoka kwenye kundi. Wifi ndiye aliyenirudisha, baada ya wiki mbili, bila kuandika neno. Kifurushi kilikuja na basi kutoka Dar: matone ya miezi sita, aina ileile aliyoiandika daktari, na hakuna barua ndani. Nimeshasema si mtu mbaya.

Tangu hapo mama anaishi nami miezi ya shule, na likizo tunarudi Izigo, kwa sababu anasema mjini migomba haisemi. Kila jioni namwekea tone. Anainua uso, anafumbua jicho la kulia, mimi nahesabu kimoyomoyo.

Krismasi iliyopita tukakutana tena sebuleni kule Izigo, watu walewale. Kaka alikuwa amepunguza sauti mwaka mzima, lakini mazoea yana taabu. Alitafuna akamwani yake, akasema njia ilikuwa nzuri, mvua ipo Biharamulo, kisha nikaona mkono unaingia mfukoni kutafuta simu. Walikuwa wamepita Bangkok mwezi wa nane.

"Kule Bangkok, mtu akifika tu uwanjani jambo la kwanza ni—"

"Kaka," nikasema, "rudisha hiyo simu mfukoni, la sivyo naitupa kwenye shimo la mbolea."

Alirudisha. Nikamgeukia mama. Nilihamia kulia kwake, upande anaoona, nikapiga magoti kama tulivyofundishwa tukiwa wadogo, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Ma, waitu. Amakuru g'omuka?"

Aliweka mikono yake mapajani, akainua uso. Kisha akaanza. Alisema migomba mitatu ya upande wa bonde imepata mnyauko, imeng'olewa na kufukiwa. Alisema jirani amepata mjukuu. Alisema nyuki wamehamia darini. Alisema jicho la kulia bado linaona mlango, linaona sahani, linaona uso wa mtu akisogea, na asubuhi za jua linaona mpaka mwanzo wa njia. Jicho la kushoto ameshaliaga. Ilimchukua dakika kumi, labda chini. Habari ile iliyokosa nafasi siku nzima ya mwaka juzi ilikuwa na urefu wa dakika kumi.

Wifi alikuwa analia waziwazi. Kaka ameinama.

"Basi, zangu zimekwisha," mama akasema, akanigeukia. "Sasa wewe nisimulie tena lile ghorofa la Dubai. Siku ile ulisimulia vizuri, wenzako walikaa kimya, lakini mimi sikukusikia. Nilikuwa nangoja zamu yangu. Ulisema ukiwa juu unaona nini?"

Nilitafuta pa kuficha uso sikupaona.

"Ma," nikasema, "sikuona kitu. Siku tuliyopanda kulikuwa na vumbi la jangwani. Kioo chote cheupe. Hata chini hatukupaona. Nilidanganya kwa sababu kaka alikuwa na mabara mawili."

Kaka akainua kichwa. Mama alinitazama kwa lile jicho lake moja, akausogeza uso wangu karibu kwa mkono ili aupate vizuri, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, la kulia na la kushoto.

"Kumbe siku ile," akasema, "hata wewe ulikuwa huoni."

Kaka alicheka, na wifi akacheka ndani ya machozi yake. Mimi sikucheka, na hadi leo sijacheka. Nilichukua kichupa cha matone mezani, nikamwambia ainue uso, saa imefika.